Milimita Mia na Nane

Ujumbe wa shemeji yake ulimkuta Mashavu nyumbani, mkasi mkononi, na laiti angejua ile bafta nyeupe ya sanda anamkatia nani, mkasi wenyewe ungetupwa ukutani.

Kwa miaka kumi na minane Mashavu ndiye aliyewaosha wanawake Waislamu wa mji wa Meru walipofariki. Aliwafumba macho, akawafunga taya kwa kitambaa ili kinywa kisibaki wazi, akawaogesha, akawavisha. Na sanda za msikiti zilikaa kwake, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mwanamume hufungwa vitambaa vitatu, mwanamke vitano. Hesabu hiyo hata akiamshwa usingizini hakosei.

“Shemeji, asalaam aleikum,” ujumbe ulisema. “Kuna mifupa ya ndugu yetu msafiri iko mochari. Tunazika leo baada ya adhuhuri. Kata sanda ya mwanaume, tatu. Mungu atakulipa.”

Aliyeandika ni Jamaldin, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu wa kanzu safi na salamu ndefu, mwenye pikapu tatu za kupeleka miraa kutoka Maua hadi Nairobi. Ndiye aliyemwoa Jamilah, mdogo wake Mashavu. Miaka saba iliyopita Jamaldin alikuja na simu mkononi akaonyesha watu ujumbe: Jamilah ameondoka, amefuata dereva wa lori Moyale, asitafutwe. Akalia mbele ya wazee. Baada ya miezi minne akaoa mwingine, na Rahmo, mtoto wake na Jamilah, aliyekuwa na miaka sita, akaletwa kwa Mashavu na begi moja la nguo. Sasa Rahmo anasoma shule ya Kaaga, na ukilitaja jina la mama yake anatoka chumbani. Anaamini aliachwa kama paka.

Mashavu alikata kitambaa cha kwanza, akakata cha pili. Alikuwa amemaliza cha tatu Aminah alipoingia. Aminah ni jirani na mwenziwe wa kuosha, na alikuwa amekuja kuchukua ubani.

“Umesikia hiyo mifupa ilitoka wapi?” Aminah aliuliza.

“Jamaldin anasema ni msafiri.”

“Msafiri gani? Ilitoka Makutano, ile ploti ya nyuma ya maduka. Mwenye kununua alikuwa anachimba msingi wa gorofa, mashine ikaingia kwa choo ya zamani yenye ilikuwa imefukiwa. Wakapata mifupa na tasbihi, ndio wakapigia msikiti.” Aminah akasita, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Si ni hapo Jamilah alikuwa anakaa?”

Ndipo hapo. Chumba kimoja cha mabati, jiko nje, choo nyuma kabisa kando ya mgomba. Mashavu alikuwa amekitumia choo kile mara nyingi alipokwenda kumtembelea ndugu yake. Na Jamaldin aliishi pale miaka mitano, tena alipohama alikuwa amekwisha kukifukia, akasema kimejaa. Leo anaandika “ndugu yetu msafiri” wala hataji ploti.

Usidhani Mashavu alilia. Kilichompanda ni hasira, hata Aminah alipomshika mkono aliuondoa. Aliikunja ile bafta yote, akaitia kwenye kikapu pamoja na mkasi, akajifunga buibui na kutoka kutafuta bodaboda. Saa nne ilikuwa imepita. Wakishazika kabla ya mtu kuuliza, basi imekwisha: Jamilah atalala kaburini kwa jina la mwanamume asiyejulikana, Rahmo atamchukia mama yake mpaka uzeeni, na Jamaldin atasimama mstari wa mbele kumswalia.

Chumba cha maiti kilinuka dawa. Mezani palikuwa na sinia ya bati, na juu yake mbavu kadhaa, mfupa wa paja na taya la chini. Basi. Mifupa mingine, ikiwemo ya nyonga ambayo huonyesha jinsia, mashine ilikuwa imeizoa pamoja na udongo na lori likaenda kuimwaga kusikojulikana. Kando ya meza alikaa askari wa kike aitwaye Kiende, mwanamke mnene mwenye uso wa uchovu, akijaza fomu ya kuruhusu mazishi. Aliyesimama ni Daktari Mbaabu, kijana wa Nkubu aliyesomea mifupa chuo kikuu, glavu mkononi, miwani puani.

“Hiyo mifupa isitoke hapa,” Mashavu alisema kabla hata ya salamu. “Ni ya ndugu yangu Jamilah.”

Kiende aliinua macho. “Mama, karibu kwanza. Ndugu yako ni mwanamke?”

“Ni mwanamke.”

“Basi pole, sio yeye. Daktari ameshaandika. Huyu ni mwanaume.”

“Ameandika kwa kuona nini? Hapo kuna nini cha kuonyesha uanaume?”

Mbaabu alitabasamu tabasamu la mtu anayemwonea huruma mjinga. “Ni taya, mama. Taya ya mwanaume huwa pana na nzito, na hapa kwa pembe, chini ya sikio, inatokeza. Ya mwanamke ni nyembamba. Sisi hatubahatishi. Tunapima kutoka pembe hadi pembe, tunalinganisha na jedwali. Mpaka ni milimita tisini na sita. Ikizidi hapo, ni mwanaume. Hii imetoa mia na nane. Imepita mpaka ikaacha na nyumba.”

“Hilo jedwali, walipimwa wanawake wa wapi?”

“Wengine ng’ambo. Wengine huko Afrika Kusini.”

“Na wa Meru walikuwa wangapi?”

Mbaabu alirekebisha miwani. “Wa Meru bado hawajapimwa.”

“Hata mmoja?”

“Mama, hiyo ni utafiti, inahitaji muda…”

“Hata mmoja!” Mashavu aligonga meza, mbavu zikatikisika sinia­ni. “Mimi nimefunga taya za wanawake wa mji huu miaka kumi na minane. Za Waboran, za Wanubi, za Wameru waliosilimu, za Wasomali wa Maua. Kwa mikono hii. Kuna nyembamba na kuna za kuvunjia nazi. Wewe na karatasi yako ya ng’ambo umefunga ngapi?”

Swali hilo lilimwudhi kijana. Alikuwa na hati mbili za shahada na mwanamke huyu alikuwa na kikapu. Akasema mochari si mahali pa kelele.

“Nipime mimi,” Mashavu akasema.

“Nini?”

“Nimesema nipime. Hicho chuma chako kilete hapa.”

Mbaabu alimtazama Kiende, na Kiende, ambaye fomu zilikuwa zimemchosha tangu asubuhi, akasema, “Si umpime tu, daktari. Itakupunguzia nini?”

Basi Mashavu akavuta kiti, akaketi, akakaza ushungi nyuma ili uso wote uonekane. Huo ndio uso wa kwao. Marehemu Hassan, baba yao, aliyekuwa na bucha karibu na msikiti, aliwarithisha watoto wake taya kama la kwake, na jina la Mashavu lenyewe alipewa siku ya kuzaliwa na bibi aliyemtazama akacheka. Shuleni waliitwa mafahali, yeye na Jamilah. Walipigana kwa ajili ya jina hilo mpaka wakalizoea.

Mbaabu alileta kipimo chake, chuma chenye meno mawili kama ya koleo, akakigusisha chini ya masikio ya Mashavu. Chuma kilikuwa baridi. Akasoma, akasoma tena.

“Mia na saba,” alisema polepole. “Lakini hiyo ni pamoja na nyama na ngozi. Nikitoa milimita nane…”

“Toa.”

“Tisini na tisa.”

“Na mpaka ulisema ni ngapi?”

“Tisini na sita.”

“Basi mimi ni mwanaume,” Mashavu alisema. “Andika hapo. Nimezaa wanne, nimenyonyesha watano ukihesabu wa jirani, andika: mwanaume. Leo nikifa waje waume za watu kuniosha, kwa sababu karatasi yako imesema!”

Kiende alikohoa ndani ya kiganja ili asicheke. Masikio ya Mbaabu yalikuwa yamewaka. Lakini hakuwa mjinga kijana yule, na alipopata pumzi alisema jambo la kweli.

“Sawa, mama. Nimekubali jedwali liko na shida. Lakini angalia. Wewe ni tisini na tisa. Hii ni mia na nane. Ndugu wawili wa kike hawapishani hivyo. Hata kwa wanaume hii ni kubwa. Kama ni wa kwenu, basi ni kaka yenu.”

Kaka hawakuwa naye. Mashavu alilitazama taya sinia­ni na kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani akaingiwa na wasiwasi kwamba labda amejifedhehesha bure. Ndipo akaona jambo. Upande mmoja haukuwepo.

“Upande huu mwingine uko wapi?”

“Upande wa kulia ulikatwa na mashine. Nilipima kutoka katikati ya kidevu hadi pembe ya kushoto, nikazidisha mara mbili. Ni njia inakubalika.”

“Ulipima wa kushoto peke yake.”

“Ndio uliobaki.”

Mashavu alisimama. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. “Nipe nilishike.”

“Mama, hiyo ni ushahidi, hairuhusiwi…”

“Mpe glavu,” alisema Kiende.

Akavaa glavu. Akalichukua taya kwa mikono miwili, kama anavyoyachukua siku zote, kidevu kikikaa kiganjani, akapitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa chini, upande wa kushoto, kuelekea sikioni. Kabla ya kufika pembeni kidole kilipanda juu ya uvimbe wa mfupa, mnene, ulioinama kidogo kwa nje. Akakirudisha, kikapanda tena palepale.

Alikuwa amekwisha kuushika uvimbe huo, ukiwa na ngozi ya joto juu yake.

Miaka tisa iliyopita, mchana wa Jumapili, Jamilah alifika kwake akitembea kwa miguu kutoka Makutano, leso imefunika mdomo, shavu la kushoto limevimba hata jicho limezibwa. Jamaldin alikuwa amempiga kwa spana ya magurudumu, kisa chakula kilichelewa. Mashavu alimpeleka hospitali. Na pale dirishani, karani alipouliza ameumiaje, Jamilah hakuweza kufungua kinywa, kwa hiyo dada yake akamjibia. “Ameanguka kwenye ngazi,” Mashavu alisema. Alisema hivyo kwa sababu Jamaldin alikuwa amemtangulia kwa wazee, amelia, ameapa, na wazee wamesema mambo ya nyumba yabaki nyumbani. Na kwa sababu mume ni mume, na watu watasema nini. Hizo ndizo sababu zake, na hakuna hata moja iliyofaa kitu.

Kwa wiki sita alimfunga Jamilah taya kwa kipande cha bafta, ileile ya sanda, kwa kuwa ndicho kitambaa kilichokuwapo. Jamilah alicheka kwa meno yaliyofumbwa, akasema dada amemfunga kabla ya siku yake. Alimnywesha uji kwa mrija. Siku ya kurudi, Jamilah, ambaye sasa aliweza kusema vizuri, alimwambia, “Dada, niache tu hapa. Nitakuwa nakuoshea vyombo.” Na Mashavu, mtu mwenye hekima zake, alimbebea begi mwenyewe hadi Makutano, akamkabidhi kwa mumewe mlangoni, akanywa na chai.

“Mama?” Mbaabu aliita. “Kuna nini?”

“Hapa palivunjika,” Mashavu alisema. “Pakaunga vibaya.”

Mbaabu alilichukua taya, akalisogeza chini ya taa, akaligeuza. Alileta kioo cha kukuza, akatazama tena, na masikio yake yakawaka upya, safari hii kwa aibu hasa.

“Ni kweli,” alisema. “Mfupa ulivunjika ukajijaza. Mimi nilidhani ni mahali misuli inashika. Wanaume huwa na hiyo, pembe inakuwa nene, kwa hivyo nikaona… Aki nilikuwa na mifupa ya watu wengine watatu hiyo asubuhi.” Akapima, akatoa, akaandika pembeni ya karatasi. “Nikiondoa hii yote na kuzidisha, inabaki kama mia. Pengine tisini na nane.”

“Mimi ni tisini na tisa.”

“Ndio. Lakini mama, sio kusema sasa nimejua ni mwanamke. Sasa ni kusema sijui. Lazima tutoe jino, tupeleke Nairobi na mate yako, walinganishe DNA.”

“Basi andika hujui!” Hasira ilirudi yote, na sasa ilikuwa na mahali pa kwenda. “Neno dogo hivyo, lingekudhuru nini asubuhi? Ungeandika ‘sijui’ na mimi nisingekuwa nimekaa nyumbani kumkatia ndugu yangu sanda ya kiume! Spana ya mume wake ndiyo iliyomfanya mwanaume kwenye karatasi yako. Amempiga, amemtupa chooni, halafu wewe ukamsaidia kumbadilisha jina!”

Mbaabu alitoa kalamu. Alichukua ile ripoti, akapiga mstari juu ya neno “mwanaume”, akaandika pembeni “haijabainika”, akatia sahihi. Kisha akavaa glavu mpya, akang’oa jino moja la nyuma, akalitia kwenye chupa.

Kiende naye alikuwa ameacha fomu zake. “Mama, kaa hapa. Umesema spana. Umesema mume. Hayo ni maneno mazito. Hospitali ilirekodi nini hiyo siku?”

“Ilirekodi ngazi.”

“Nani alisema ngazi?”

Hapo Mashavu angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni Jamilah, maana Jamilah hana kinywa cha kumkana. Kina cha mambo haya alikijua yeye na Jamaldin tu. Aliona uso wa Rahmo, taya lilelile dogo linaloanza kupanuka, akitoka chumbani kila jina la mama yake linapotajwa.

“Ni mimi,” alisema. “Nilidanganya. Yeye alikuwa hawezi kusema na mimi nikamsemea uongo. Halafu nikamrudisha. Aliniomba abaki na nikamrudisha kwa mkono wangu.”

“Unajua nikiandika hii itasomwa kortini? Wakili wake atakuuliza mbona, mpaka ulie.”

“Aniulize. Andika. Lakini Rahmo nitamwambia mimi kwanza, kabla hajasikia kwa watu.”

Kiende aliandika. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu asiyetaka kuulizwa mara mbili, na kila alipofika mwisho wa sentensi alimsomea. Ploti. Choo kilichofukiwa. Spana. Ngazi. Mashavu aliweka sahihi, kisha akafungua kinywa, na Mbaabu akampitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu.

“Mifupa haitoki hapa,” Kiende alisema akisimama. “Na huyo bwana nitamtembelea mwenyewe. Yuko Maua ama yuko hapa mjini?”

Kabla Mashavu hajajibu, simu yake ililia ndani ya kikapu, juu ya bafta. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kusikika kutoka mjini. Jina la Jamaldin liliwaka kwenye kioo. Kiende aliliona, akaweka kidole mdomoni, akaashiria simu iwekwe kwa sauti.

“Shemeji,” Jamaldin alisema, sauti imejaa ustaarabu. “Sasa mbona tena? Wanaume wako tayari, maji iko, kaburi imechimbwa, mimi mwenyewe nimetoa gari. Tunakungoja wewe. Zile vitambaa tatu umekata?”

Mashavu aliutoa mkasi kikapuni. Akaitandaza bafta kwenye ukingo wa meza, kando ya sinia, vipande vitatu vikiwa juu, akapima cha nne kwa mkono, akakata, akapima cha tano, akakata. Sauti ya mkasi bila shaka ilisikika upande wa pili, kwa maana Jamaldin aliita, “Shemeji? Haloo? Umekata?”

“Nimekata, Jamaldin,” alisema. “Nimekata tano.”

Kwenye simu zilisikika tu sauti za wanaume nyuma yake wakiulizana kama sanda iko njiani.